Mwizi wa siku hizi haruki ua

MPENZI msomaji, hebu nikuulize swali. Ukitaka boma lako lilale salama, utafanya nini? Bila shaka utajenga ukuta, upande vipande vya chupa juu yake, utie kufuli kubwa langoni na, ukijaliwa kipato, uajiri bawabu na kufuga mbwa mkali. Babu zetu walizungushia maboma yao miiba kwa sababu hiyo hiyo. Serikali nayo huzungushia nyaya mabwawa ya kuzalisha stima, mitambo ya maji na matangi ya mafuta, ikaweka na askari wenye bunduki.

Ulinzi huo ni mzuri, wala sisemi uubomoe. Lakini yuko mwizi ambaye ukuta haumhusu ndewe wala sikio. Huyo haruki ua. Huenda yuko nchi ya mbali, ameketi kitako nyumbani kwao, kikombe cha chai mkononi na kompyuta mapajani. Hana haja na runinga yako wala kuku wako. Anachowinda ni mtambo unaopeleka maji mtaani kwenu, taa za barabarani, kompyuta za hospitali unakojifungulia na njia unayotumia kulipia nauli.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: mara nyingi mlango anaouingilia haumo katika jengo la serikali. Umo mfukoni mwako, au mezani pako kazini, au langoni kwako ulikotundika kamera. Usalama wa mji mzima, ndugu msomaji, siku hizi unaanzia kwako. Ukidhani natia chumvi, fuatana nami taratibu.

Wiki ile ya Julai

Bila shaka wakumbuka yaliyotupata katika wiki ya mwisho ya Julai 2023. Mtandao wa eCitizen, ambao serikali ilikuwa imeukusanyia huduma zaidi ya 5,000 chini ya paa moja, ulianza kugoma. Aliyetaka pasipoti alikwama. Aliyetaka leseni ya kuendesha gari alikwama. Wageni waliotarajia kupata viza mtandaoni ilibidi waahidiwe kwamba wangeipata baada ya kutua. Ununuzi wa tiketi za reli ukayumba, malipo ya stima yakayumba, na huduma ya M-Pesa ikawa ya kubahatisha. Watu wakajikuta ndani ya matatu wakimkodolea utingo macho, pesa wanazo ila hazitoki.

Waliojigamba kwamba wao ndio waliofanya hayo ni kundi lililojiita Anonymous Sudan. Serikali, kupitia kwa aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Eliud Owalo, ilikiri kuwa eCitizen ilikuwa imeshambuliwa, lakini ikasema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwafungulia mashtaka ndugu wawili, raia wa Sudan, wakidai kwamba ndio waliokuwa wakiliendesha kundi hilo.

Walifanyaje? Chukua mfano wa duka la mtaani lenye kidirisha kimoja. Asubuhi wanafika vijana 1,000 na kupanga foleni. Kila mmoja akifika dirishani anauliza bei ya kiberiti, hanunui, anarudi nyuma ya foleni na kuja kuuliza tena. Hawajaiba hata peremende. Hawajavunja kioo. Lakini mama anayetafuta Panadol ya mtoto mwenye homa hafiki dirishani, na mwenye duka anashinda kutwa akijibu maswali ya kiberiti hadi anachoka na kufunga. Hivyo ndivyo mtandao unavyozibwa. Kompyuta inayohudumia wananchi hurushiwa maombi ya uongo kwa mamilioni, hata mwenye haja ya kweli akose nafasi.

Sasa ujiulize: umati huo wa kuziba dirisha hupatikana wapi? Wadukuzi wengine hukodi kompyuta zenye nguvu. Wengine hawatoi hata ndururu. Huteka vifaa vya watu wasio na habari, wakavigeuza kuwa jeshi. Hapo ndipo mimi nawe tunapoingia.

Kamera iliyoasi

Mwaka wa 2016 programu haribifu iliyobandikwa jina Mirai ilianza kuzurura kwenye intaneti. Haikuhangaika na kompyuta za mabenki. Ilitafuta kamera za CCTV, mashine za kurekodi picha za kamera hizo, na vile visanduku vya Wi-Fi tunavyoweka sebuleni karibu na runinga. Ikipata kifaa, ilibisha na kujaribu maneno ya siri takriban 60 ambayo viwanda huyaweka kifaa kinapoundwa, maneno ya ovyo kama "admin" au "12345". Mwenye kifaa asipokuwa amelibadilisha lile la kiwandani, mlango ulifunguka wenyewe.

Kamera haikuzima. Iliendelea kuonyesha picha za lango kama kawaida, na mwenyewe akalala akijua analindwa. Kumbe ilikuwa imepata bwana mwingine, ikimngoja atoe amri.

Mnamo Oktoba 21, 2016, amri ilitolewa. Makumi ya maelfu ya vifaa kama hivyo, kutoka nchi mbalimbali, vililivamia kwa pamoja shirika moja la Marekani liitwalo Dyn. Kazi ya Dyn ilikuwa kama ya kitabu cha simu: ukiandika jina la tovuti, lenyewe hukutafutia nambari ya kompyuta unayoitaka. Kitabu hicho kilipozibwa, watu wengi wa Marekani na hata Ulaya walishindwa kwa saa kadhaa kufungua Twitter, Netflix na tovuti nyingine nyingi. Vijana watatu Wamarekani waliounda programu ya Mirai walikiri makosa mahakamani mwaka wa 2017. Lakini walikuwa wameshaiachilia mikononi mwa watu, na wengine wakaitumia watakavyo.

Litafakari jambo hilo, msomaji. Kifaa kilichonunuliwa ili kilinde lango la mtu kilikuwa askari wa adui, na kosa lote lilikuwa neno moja la siri ambalo hakuna aliyejisumbua kulibadilisha.

Hapa kwetu kamera hizi zimejaa. Ziko madukani, makanisani, kwenye ploti za kupangisha, hata kwenye vibanda vya M-Pesa. Fundi anakuja na ngazi yake, anafunga waya, anakuonyesha picha kwenye simu, unafurahi, unamlipa na kumwaga kwa chai. Ni wangapi kati yetu humshika mkono kabla hajashuka na kumuuliza, "Fundi, neno la siri ni lipi, na ninalibadilishaje?" Tunanunua kufuli, kisha tunaacha ufunguo ukining'inia.

Kishale kilichojiendesha

Tukishaliona la nyumbani, twende kazini, maana huko ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Kisa chenyewe kilitokea magharibi mwa Ukraine, na wataalamu wa stima wa dunia nzima bado wanakisoma.

Ilikuwa alasiri ya Desemba 23, 2015, majira ya baridi kali. Katika chumba cha kusimamia stima cha kampuni moja ya eneo la Ivano-Frankivsk, wafanyakazi walikuwa karibu kumaliza zamu. Ghafla mmoja wao akaona kishale kwenye skrini ya kompyuta yake kikitembea chenyewe. Hakuwa amekigusa kipanya. Kile kishale kilikwenda moja kwa moja hadi kwenye swichi za vituo vya stima, kikaanza kuzizima moja baada ya nyingine. Alijaribu kukizuia, wapi! Kompyuta ikamtoa, na alipotaka kuingia tena akakuta neno lake la siri limebadilishwa.

Kampuni tatu za kusambaza stima zilishambuliwa siku hiyo. Wateja wapatao 225,000 waliachwa gizani na kwenye baridi, wengine kwa saa moja, wengine hadi saa sita. Wadukuzi walikuwa wamepanga hata kuwazimia taa wasimamizi wenyewe ndani ya vyumba vyao. Juu ya hayo, waliifurika laini ya simu ya wateja kwa simu za bandia, ili raia aliyetaka kuuliza kulikoni asipate wa kumjibu.

Je, waliingiaje? Walivunja ukuta? La hasha! Walimhonga bawabu? Hawakuhitaji. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, wafanyakazi wa ofisi walikuwa wametumiwa baruapepe zilizoonekana kuwa za kawaida, zikiwa na hati za kufungua. Aliyefungua hati aliombwa abonyeze mahali ili aione vizuri. Akabonyeza. Basi. Kutoka kwenye kompyuta hiyo ya ofisini wageni wakaanza kunyata chumba hadi chumba, wakikusanya maneno ya siri na kujifunza jinsi mitambo inavyoendeshwa, bila pupa, hadi siku waliyoichagua.

Aliyebonyeza hakuwa mhandisi wa mitambo, na huenda hakuwahi kuishika swichi ya stima maishani mwake. Kosa la mtu wa kawaida kwenye meza ya kawaida ndilo lililowafungulia njia.

Sasa sikiliza sehemu ya pili ya kisa hiki, kwa maana ndiyo inayotia moyo. Stima ilirudije kwa saa chache hivyo wakati kompyuta zimetekwa na nyingine zimefutwa kila kitu? Ilirudi kwa mikono. Mafundi waliingia magarini, wakaenda hadi kwenye vituo vyenyewe, wakarudisha swichi moja baada ya nyingine. Mitambo yao ilikuwa ya zamani, na bado ilikuwa na mahali pa kushika kwa mkono. Mafundi nao hawakuwa wamesahau kazi yao. Laiti kila kitu kingalitegemea skrini peke yake, giza lile lingaliwaganda kwa muda mrefu zaidi.

Tumbili wa Gitaru

Huenda ukasema, hayo ni ya Wazungu na vita vyao. Basi turudi nyumbani, kwenye mto Tana.

Mnamo Juni 7, 2016, kabla ya saa sita mchana, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha stima cha Gitaru, akateleza na kuangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine za kituo hicho zikaelemewa na mzigo, nazo zikajizima. Megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mpigo, na kwa sababu nyaya za nchi nzima zimeungana, Kenya yote ikaingia gizani. Kampuni ya KenGen ilieleza kwamba vituo vyake vimezungushiwa ua wa umeme wa kuzuia wanyama. Tumbili mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Tulicheka sana siku ile, na kicheko hakina ushuru. Lakini ukiacha utani, tumbili yule alituonyesha jambo zito. Mitambo inayotulisha, kutunywesha na kutuangazia imefungamana kama shanga za uzi mmoja. Ukikata mahali padogo, zote zinamwagika. Tumbili hakuwa na nia mbaya wala hakujua alipokuwa akikanyaga. Sembuse mtu mwenye akili zake, aliyekaa miezi sita akitafuta pa kukanyaga?

Stima ikikatika, si taa peke yake. Pampu za maji husimama. Lifti hunasa watu katikati ya ghorofa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyelazwa ndani ya kile kisanduku cha joto hospitalini, hutegemea jenereta iwake kwa sekunde chache. Kwa hiyo tukizungumzia usalama wa kompyuta, tusidhani ni mazungumzo ya vijana wa vyuo vikuu na miwani yao. Ni mazungumzo ya mama mzazi.

Tusiitupe teknolojia

Je, nakushauri uitupe simu na urudi kwenye koroboi? Hasha. Teknolojia imetufaa, na mwenye macho haambiwi tazama. Baada ya shambulizi la Westgate la Septemba 2013, serikali iliipa kampuni ya Safaricom kandarasi mwaka wa 2014 ya kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano, ukiwa na kamera 1,800 za kutazama barabara za Nairobi na Mombasa. Picha ya kamera huweza kumtambulisha gaidi au mwizi wa gari pale ambapo mashahidi waliingiwa na hofu. Mita ya tokeni imempunguzia mwananchi ugomvi wa bili. Pesa kwenye simu zimemwondolea mfanyabiashara hofu ya kutembea na maburungutu.

Lakini chombo cha kulinda nacho chahitaji ulinzi. Kamera inayomwona mwizi inamwona pia binti yako akitoka shuleni, kila siku, saa ile ile. Ikiangukia mikono mibaya, imekuwa jasusi. Ndiyo maana tukatunga sheria mbili. Ile ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inaipa serikali uwezo wa kuitaja mitambo fulani kuwa muhimu kwa taifa na kuwadai wenyewe wailinde. Ile ya 2019 ya kulinda data inamtaka kila anayekusanya habari zako, hata kwa kamera, azitunze na asizitumie ovyo. Sheria ni kinga, lakini sheria haibadilishi neno la siri. Mtu ndiye hulibadilisha.

Basi tufanye nini?

Usiogope, sikupi kazi ya mhandisi. Haya ni mambo ambayo mama wa nyumbani, mwalimu, karani na mwenye duka wanaweza kuyafanya wiki hii.

La kwanza, badilisha neno la siri la kila kifaa ulichokipata nalo dukani: kamera, Wi-Fi, runinga ya intaneti. Tumia sentensi fupi ambayo wewe waielewa na mwingine hawezi kuibahatisha. Usitumie neno moja kila mahali, kwani mwizi akilipata moja amezipata zote. Na palipo na nafasi ya kufunga mara mbili, yaani neno la siri pamoja na nambari inayotumwa kwenye simu yako, funga mara mbili. Mei 2021 wadukuzi waliingia katika kompyuta za kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani, ambayo bomba lake hupeleka karibu nusu ya mafuta yanayotumiwa pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Waliingia kwa neno moja la siri la akaunti ambayo haikuwa ikitumika tena, na haikuwa na kufuli ya pili. Kampuni ililifunga bomba kwa siku kadhaa, madereva wakapanga foleni ndefu za petroli, na wadukuzi wakalipwa takriban dola milioni 4.4. Sehemu ya pesa hizo ilipatikana baadaye, lakini hasara ilikuwa imeshafanyika.

La pili, simu au kompyuta ikikwambia kuna marekebisho ya programu, usiseme "kesho" kila siku. Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kiliingia hospitali za Uingereza, kikazifunga kompyuta na kudai fidia. Maelfu ya wagonjwa waliambiwa warudi nyumbani, miadi yao imefutwa. Dawa ya kirusi hicho ilikuwa imetolewa bure tangu Machi, miezi miwili kabla. Kompyuta zilizoathirika hazikuwa zimewekewa dawa hiyo.

La tatu, ukiwa kazini usibonyeze kwa haraka. Baruapepe ikikujia na kukuhimiza ufungue hati sasa hivi, au mtu akikupigia simu akijifanya wa kitengo cha kompyuta na kukuomba neno lako la siri, pumua kwanza. Mpigie mwenyewe kwa nambari unayoijua, umuulize. Mwenye haja ya kweli hatakasirika. Na kama umeshabonyeza, usifiche kwa hofu ya kufutwa kazi. Sema mapema. Wakubwa nao, tafadhali, msimwadhibu anayesema, kwani mkimwadhibu huyo, wa pili atanyamaza, na kimya hicho ndicho adui anachokitafuta.

La nne, mfanyakazi akiondoka, funguo zake za kompyuta zirudi kama funguo za lango zinavyorudi. Mwaka wa 2000 katika eneo la Maroochy nchini Australia, mtu mmoja aliyewahi kuifanyia kazi kampuni iliyofunga mitambo ya majitaka, na aliyekuwa amenyimwa kazi na baraza la mji, alitumia kompyuta na redio yake kuiamuru mitambo hiyo. Lita 800,000 za uchafu zikamwagika kwenye bustani, mito na hata uwanja wa hoteli. Alifungwa miaka miwili. Uchafu ulioua samaki haukujua kifungo.

La tano, hifadhi njia ya mkono. Kila familia iwe na akiba ndogo ya pesa taslimu, maji ya siku mbili tatu kwenye mitungi, tochi yenye betri nzima, na nambari muhimu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Ni wangapi kati yetu tunaikumbuka kichwani nambari ya mke au mume? Hospitali nayo ijue jinsi ya kumpokea mgonjwa kwa kalamu na daftari kompyuta zikifa. Kituo cha stima kiwe na fundi anayejua swichi iko wapi. Kijana wa leo afundishwe skrini, lakini asinyimwe bisibisi.

Maswali ya kumuuliza mkubwa

Yapo pia ya kudai kwa wale tuliowapigia kura. Kaunti zetu zinapenda kutangaza mitambo ya kisasa: taa za barabarani zinazojiwasha, mita za maji zinazojisoma, kamera katika kila kona. Utepe hukatwa, ngoma hupigwa, picha hutoka gazetini. Siku mwakilishi wenu wa wadi akija kuwaambia habari hizo njema, mpigieni makofi, kisha mmoja wenu asimame na kuuliza maswali matatu. Nani anashika maneno ya siri ya mtambo huu, na aliyeufunga akiondoka atayaacha kwa nani? Mtambo ukidukuliwa, unaweza kuendeshwa kwa mkono, na nani amefunzwa kufanya hivyo? Na pesa za kuutunza mwaka wa pili na wa tatu zimo kwenye bajeti, au ziliishia kwenye utepe?

Akishindwa kujibu, msimzomee. Mwambieni arudi na majibu. Ua bovu halilaumiwi na ng'ombe. Hulaumiwa na mwenye boma.

Na ukiona kifaa chako au ofisi yako imeingiliwa, usikae kimya. Mamlaka ya Mawasiliano ina kituo cha kitaifa kinachopokea ripoti za mashambulizi ya mtandaoni, na polisi nao wana kitengo cha uhalifu huo. Ripoti moja ya mwenye duka wa Machakos huweza kuwazindua wa Kisumu kabla hawajafikiwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa kujengwa hapa ni stima, maji, hospitali na pesa za watu wote, na hakuna aliye na matofali ya kutosha. Kwa hiyo leo baada ya chakula cha mchana, kabla ya kuwasha runinga, panda ngazi au mwite fundi wako, ulibadilishe lile neno la siri la kamera ya langoni. Ni kazi ya dakika 10.